Kushusha Mabega: Mwongozo Kamili kwa Mwenyekiti wa AMCOS Anayetaka Kuongoza Bila Kiburi

Kiongozi akisimama mbele ya mkutano akasema "mimi ni mtumishi wenu tu", usimtazame yeye. Tazama nani alimbebea kiti, nani anamshikia simu, na nani kati ya waliokaa chini ya mwembe anathubutu kumkatisha. Hapo utajua kama maneno yale yana mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa wenyeviti na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi vya ushirika, hizi AMCOS zetu za korosho, ufuta na mbaazi, kuanzia Tandahimba na Newala mpaka Nachingwea, Liwale na Kilwa. Anayeongoza kamati ya maji, VICOBA, kwaya au madrasa naye atakuta mengi yanayomhusu.

Niseme msimamo wangu mapema. Kiburi cha uongozi mara nyingi mtu hazaliwi nacho, hulishwa. Mkulima wa kawaida anachaguliwa mwenyekiti, na minada inapoanza Oktoba ameshakuwa mtu mwingine: wasafirishaji wanampigia usiku, wauza magunia wanamtafuta, msibani anatolewa kwenye mkeka na kupewa kiti cha plastiki huku wazee waliomtia jando wakibaki chini. Hakuomba hayo. Kila mtu amemwongezea kidogo, naye amezoea. Ndiyo maana kujihimiza moyoni "niwe mpole, niwe mpole" hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kupanga kazi, vikao na funguo kwa namna ambayo ukweli utakufikia hata siku ambayo hutaki kuusikia, na kazi itaendelea hata siku ambayo hupo. Hatua zilizo hapa chini zinafuata mwaka wa korosho, kuanzia miezi ya kupuliza mikorosho dawa ya salfa hadi kukabidhi ofisi.

Hatua ya kwanza: andika kilichobadilika tangu upewe cheo

Fanya hili kabla msimu haujafunguliwa. Chukua daftari, siyo simu, ujibu maswali haya kwa majina ya watu halisi. Nani alikuwa akinibishia waziwazi zamani na sasa ananyamaza? Nani hakuwa rafiki yangu na sasa hapiti siku mbili bila kunijulia hali? Foleni gani nimeacha kupanga? Mara ya mwisho nimebadili uamuzi kwa sababu ya hoja ya karani, mlinzi au mpakiaji ilikuwa lini, na hoja yenyewe ilikuwa ipi?

Swali la mwisho ndilo zito. Ukiona msimu mzima uliopita hukubadili jambo lolote kwa neno la mtu wa chini, usijidanganye kwamba ulikuwa sahihi msimu mzima. Watu waliacha kukwambia.

Kisha mwombe mke au mume wako ajibu maswali yale yale juu yako bila kuona ulichoandika. Linganisheni. Wengi huishia hapa kwa wiki nzima, na ni sawa.

Hatua ya pili: rudi kwenye foleni ya ghala

Korosho zako zipimwe kama za watu wengine. Mwenyekiti anayetuma pikipiki na magunia yake saa moja usiku, yakapokelewa bila kukaguliwa, ameshaeleza sera ya chama chake yote.

Tazama jinsi jambo dogo hilo linavyoenea. Karani wa mizani anajua korosho mbichi hazipokelewi: zinatakiwa zikauke juani, zichambuliwe, mawe na uchafu vitoke, daraja la kwanza litengwe na la pili. Akizipokea za mwenyekiti zikiwa na unyevu, kesho atashindwa kuzikataa za mjumbe wa bodi, keshokutwa za shemeji yake mjumbe. Mzigo unachanganywa. Unafika ghala kuu na kukutwa chini ya kiwango. Hasara hiyo haimfuati aliyeleta unyevu, kwa sababu hakuna tena anayeweza kumtambua. Inagawanywa kwa wote, pamoja na bibi aliyeanika korosho zake siku tatu na kuzichagua moja moja kwa mkono.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya kupokea mazao, fika mchana, panga foleni, na mweleze karani mbele ya watu: "Zangu zikague kama za mtu yeyote." Halafu ngoja siku atakayokwambia, "Mwenyekiti, hizi bado mbichi, zirudi juani." Usicheke kwa kejeli, usiulize kama anajua anaongea na nani. Beba gunia lako uondoke. Habari ya gunia lililorudishwa itafika vijiji vitatu kabla ya jua kuzama, na itafanya kazi ambayo semina haiwezi. Tena karani yule asiguswe wala asihamishwe kituo msimu huo, hata ikitokea sababu nzuri ya kumhamisha. Watu hawataamini sababu hiyo.

Hatua ya tatu: tafuta watu watatu ambao cheo chako hakiwafikii

Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye ukungu zikiwa kwenye njia ya kurukia. Walikufa watu 583. Rubani wa KLM alikuwa miongoni mwa marubani wakubwa kabisa wa kampuni yake, mkufunzi wa wenzake, mtu ambaye hata picha yake ilitumika kwenye matangazo. Aliondoa ndege kabla ya kuruhusiwa. Fundi wa ndege aliyekaa nyuma yake aliuliza kama ile ya Pan Am ilikuwa imeshatoka njiani. Rubani akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Fundi hakurudia kuuliza. Ndege ya Pan Am ilikuwa bado iko mbele yao.

Baada ya ajali hiyo na nyingine za aina yake, mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha mambo mawili marubani na wasaidizi wao: mdogo ana wajibu wa kusema na kurudia, na mkubwa ana wajibu wa kusikiliza. Angalia kwamba yule fundi hakuwa bubu. Alisema, kwa unyonge, akajibiwa, akatii. Kwenye bodi zetu ndivyo inavyokuwa. Meneja atasema, "Mwenyekiti, hivi lile gari tumelikagua?" Ukijibu "limekaguliwa, endelea", mazungumzo yamekwisha.

Sisi watu wa Kusini tuna njia zetu za zamani za kumfikia mkubwa, na ni hasara kuziacha nje ya mlango wa ofisi. Kuna mtani. Mtani anaweza kusimama katikati ya msiba akamsema marehemu na wafiwa wote, na hakuna wa kumkasirikia. Mwambie wazi: "Utani wako usiishie msibani, uniletee na ya ghalani." Ukweli utakaokuja umefungwa kwenye kicheko ni ukweli vilevile. Kuna mjomba. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ukoo kwa asili ulihesabiwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na kauli juu ya mpwa wake hata mpwa awe nani huko mjini. Kama unaye mjomba au mzee wa upande huo mwenye akili timamu na asiyekuhitaji kwa mkopo wa pembejeo, huyo ni wa pili. Wa tatu awe ndani ya chama, na ushauri wangu, ambao wengi huukataa mwanzoni, ni kwamba awe yule uliyemshinda kwenye uchaguzi. Anazijua kasoro zako kuliko rafiki zako, na amezihesabu.

Utaratibu uwe mfupi. Mara moja kwa mwezi, kila mmoja kwa wakati wake, mkae. Usiulize "mnaonaje kazi yetu?" kwa sababu jibu lake ni "kazi nzuri mwenyekiti". Uliza hivi: "Jambo gani watu wanalisema juu yangu nikiwa sipo?" Kisha kaa kimya. Usijitetee, usieleze mazingira, na usiulize kamwe aliyesema ni nani. Siku utakayouliza ndiyo siku ya mwisho kuambiwa. Andika. Ndani ya wiki moja tekeleza angalau jambo moja kati ya uliyoambiwa, na umrudishie taarifa aliyekwambia.

Tahadhari moja. Wapo wanaojifanya wasema kweli kumbe ni wachongezi. Msema kweli anakuletea habari zako. Mchongezi anakuletea za meneja.

Hatua ya nne: endesha kikao ambacho huhitaji kushinda

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, maana kiburi cha mwenyekiti hukaa zaidi kwenye kikao kuliko mahali pengine popote.

Anza na kanuni hii: sema mwisho. Soma ajenda bila kuonyesha upande, kisha wape wengine nafasi, ukianza na mjumbe mpya au mdogo kuliko wote. Mwenyekiti akifungua kwa "mimi naona gari la fulani ndilo linafaa, sijui wenzangu mnasemaje", wenzake hawana tena la kusema. Wataafiki, na muhtasari utaandika "wajumbe walijadili kwa kina".

Kila mtu atamke walau sentensi moja mwanzoni, hata kama ni jina lake na eneo lake la kazi. Hii inaonekana ni adabu tu, lakini ina ushahidi nyuma yake. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza orodha ya usalama ya upasuaji mwaka 2008, liliweka humo sharti kwamba kabla ya kisu kugusa ngozi kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Orodha ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, moja ikiwa Ifakara, hapa hapa Tanzania. Vifo vya wagonjwa wa upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha ilikuwa na mambo 19, kwa hiyo siwezi kusema kujitambulisha peke yake ndiko kulikookoa watu. Ila watengenezaji wake waliona kitu ambacho sisi tunakipuuza: muuguzi aliyekwisha kusikika sauti yake mara moja ni rahisi kusema "simama, daktari" pale inapobidi. Karani wako naye ni hivyo.

Kikao cha mwisho kabla ya msimu kifanye kwa namna ya pekee. Mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Gary Klein aliieneza mbinu hii, nayo haigharimu zaidi ya karatasi. Waambie wajumbe: "Tujifanye leo ni Februari. Msimu umekwisha na chama kimeharibikiwa vibaya. Kila mmoja aandike nini kilitokea." Bila majina. Meneja akusanye, asome kwa sauti. Utasikia magunia yalichelewa, mvua ilikuta mzigo nje, malipo yaliingia akaunti isiyo ya mkulima, karani alikuwa anapima kwa kangomba, yaani ununuzi wa magendo wa korosho kwa bakuli, nyumbani kwake. Ukibahatika, kikaratasi kimoja kitasema "mwenyekiti alikuwa haambiliki". Kisomwe kwa sauti ile ile kama vingine, na kiingie kwenye muhtasari. Kisha kwa kila karatasi amueni nani atafanya nini kuzuia. Mtu ambaye hawezi kusema "mwenyekiti, mpango wako una kasoro" anaweza kabisa kuandika kwamba mpango umeshakufa. Mbinu yote imesimama hapo.

Sasa mkutano mkuu. Wanawake wengi hukaa pembeni na kusikiliza, halafu hupeana maoni yao njiani wakirudi. Wape robo saa ya kukaa peke yao wachague wa kuwasemea, na aanze yeye kabla ya wanaume hawajachoka na kuanza kutazama saa. Mzee anayesema vizuri zaidi kwa Kimakonde au Kimwera aseme kwa lugha hiyo, mwandishi atafute wa kumsaidia. Na wewe punguza "kwa mujibu wa kifungu". Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 ni muhimu na uisome, lakini mwenyekiti anayeitaja kila baada ya dakika tano hafundishi sheria, anajenga ukuta.

"Mengineyo" isiwekwe saa saba mchana watu wakiwa na njaa. Huko ndiko malalamiko ya kweli yanakofichwa. Ukiweza ipandishe iwe ajenda ya tatu.

Hatua ya tano: achia funguo, mihuri na habari

Kagua ni vitu vingapi vya chama vinakaa nyumbani kwako. Ufunguo wa ghala? Muhuri? Kitabu cha hundi? Vitabu vya stakabadhi? Viongozi wengi hueleza kwamba wanavitunza kwa usalama. Huenda. Lakini kila kitu ambacho hakiwezi kufanyika bila wewe kufuatwa nyumbani ni kamba uliyowafunga watu, na wanapobisha hodi saa tano usiku wakiomba muhuri, kuna sehemu ndani yako inafurahi. Ijue sehemu hiyo.

Bodi inaamua mwelekeo na kusimamia. Meneja anaendesha. Gawa hivi: ufunguo wa ghala kwa mtunza ghala, na wa pili ofisini kwa kusainiwa, hundi zihitaji saini za watu wasiokula sahani moja, mizani isiguswe na mjumbe yeyote wa bodi, wewe ukiwa wa kwanza kutoigusa. Andikeni kwenye muhtasari ili hata ukibadili mawazo usiweze kubadili peke yako.

Habari nazo ni ufunguo. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho ilipoanza kuuzwa kwa stakabadhi ghalani mkoani Mtwara, mkulima anapimiwa kijijini, mzigo unakusanywa ghala kuu, chama kikuu, iwe TANECU, MAMCU, RUNALI au Lindi Mwambao, kinaupeleka mnadani, na fedha zinapitia benki. Katikati ya mizani na benki kuna makato na kuna siku za kungoja. Mwenye kujua makato ni kiasi gani na malipo yamefika wapi ana nguvu kubwa juu ya asiyejua, na ni tamu kuwa mtu pekee anayejua. Bandika ubaoni: bei ya mnada, kila kato na linakokwenda, namba ya mnada uliolipwa na ambao bado. Bandika hata siku ambayo jibu ni "bado hatujui, tutaelezwa Jumatano".

Kimya hujazwa na uvumi. Mtwara tunalijua hilo kuliko wengi; vurugu za Januari na Mei 2013 kuhusu bomba la gesi kwenda Dar es Salaam zilikuwa na mambo mengi ndani yake, lakini lalamiko lililojirudia midomoni mwa watu lilikuwa kwamba hawakuelezwa na hawakushirikishwa.

Na mnadani, bei ikitajwa, wanaokubali au kukataa ni wakulima. Usiwajibie. Mwaka 2018 wakulima walizikataa bei za minada ya mwanzo, na mwenyekiti ambaye angenyanyua mkono kwa niaba yao siku ile angekuwa na kazi ya kujieleza mpaka leo.

Hatua ya sita: jifunze kuomba radhi kwa sentensi nne

"Samahani kama kuna niliyemkwaza." Sentensi hii ipigwe marufuku. Haina kosa, haina mkosaji, na inamwachia aliyeumizwa kazi ya kuthibitisha kwamba ameumia.

Radhi ya kiongozi ina mambo manne: nini kilitokea, uamuzi ulikuwa wa nani, hasara ni nini, na nini kinabadilika. Mfano: "Ndugu wanachama, wiki iliyopita magari yaliondoka kabla ya mzigo kupimwa upya. Uamuzi ulikuwa wangu, meneja alinikataza. Tumepungukiwa kilo ambazo hesabu yake iko ubaoni. Kuanzia leo gari halitoki bila saini za makarani wawili, na mimi sina mamlaka ya kulitoa." Kaa chini. Usiongeze historia ya ulivyokitumikia chama.

Yale maneno "meneja alinikataza" yana thamani kuliko yote. Yanamrudishia mtu heshima yake hadharani, na yanawaambia wengine kwamba kukukataza kuna faida.

Wakubwa waliowahi kulibeba kosa wapo. Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu ya vifo vya watuhumiwa vilivyotokea mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga. Hakuwagusa yeye kwa mkono wake, lakini wizara ilikuwa yake. Miaka minane baadaye akawa Rais. Mwana wa Lupaso, Masasi, Rais Benjamin Mkapa, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2019, alieleza majuto yake juu ya mauaji ya Januari 2001 Zanzibar. Wapo watakaosema majuto ya mwaka 2019 yalichelewa, na wana haki. Ndiyo sababu nakushauri usingoje kustaafu. Radhi ya wiki hii inaweza kubadili utaratibu wa wiki ijayo. Ya baada ya miaka kumi na minane inaweza tu kuandikwa.

Kuna wanaozidisha, wakaomba radhi kila kikao hadi inakuwa ngoma ya kujisifu kwa njia nyingine. Kosa moja, radhi moja, mabadiliko yaonekane, basi.

Hatua ya saba: sifa zipeleke kwa majina

Hii ni fupi. Mkuu wa wilaya au afisa ushirika akikusifu kwa ubora wa korosho za chama chako, taja hapo hapo mtu kwa jina na alichofanya: mtunza ghala aliyefunika mzigo usiku wa mvua, mama wa tawi fulani aliyefundisha wenzake kuchambua. "Ni kazi ya timu" haitoshi, kwa sababu timu haina uso na sifa itabaki kwako.

Hatua ya nane: jua mahali pa kutoinama

Wapo watakaousoma unyenyekevu wako kama udhaifu, na wa kwanza ni wanunuzi wa kangomba. Hao hununua korosho kijijini kwa bakuli na kwa bei ya njaa, mara nyingi kwa mkulima mwenye mgonjwa au ada ya shule, halafu wanatafuta mwenyekiti "muelewa" wa kuingiza mzigo wao kwenye mfumo. Kwa hao uwe mgumu kama mpingo. Vilevile kwa mjumbe aliyekula fedha, hata kama ni ndugu, na kwa mkubwa wa ngazi za juu anayekupigia simu umpe zabuni mtu wake.

Kuna kipimo cha kujua kama ugumu wako ni wa haki au ni kiburi kimevaa koti: unalinda nini? Kama ukikubali atakayeumia ni mkulima, simama. Kama atakayeumia ni jina lako tu, shuka. Ukiwa huna hakika, na mara nyingi hutakuwa nayo, peleka jambo kwenye bodi liamuliwe kwa kura, na ukubali kura ikikushinda. Ukali pia unaweza kuwa na adabu. Mtuhumiwa aitwe, asomewe tuhuma, apewe muda wa kujibu, na mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, afanye kazi yake. Kumvua mtu nguo kwenye mkutano ili watu wakupigie makofi ni kiburi, hata kama mtu huyo ni mwizi kweli.

Hatua ya tisa: anza kuondoka mapema

Soma masharti ya chama chako ujue muda wako unaisha lini, na uanze kukabidhi msimu mmoja kabla. Ahadi ya TANU ilisema "Cheo ni dhamana", na dhamana hurudishwa. Mwalimu Nyerere aliukabidhi urais kwa hiari mwaka 1985, ingawa alibaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990. Kuachia kuna ngazi zake, na hata kwa mtu kama yule haikuwa siku moja.

Mwaka wa mwisho makamu wako aongoze vikao viwili au vitatu wewe ukiwa umekaa na wajumbe, kisha vingine usiende kabisa. Zima simu siku hiyo. Kikao kikivunjika, tatizo ni lako na bado una muda wa kulitengeneza.

Taarifa ya makabidhiano iandikwe, isomwe mbele ya bodi, isainiwe na pande zote mbili. Iwe na fedha benki na taslimu, madeni ya chama na ya wanachama kwa chama, orodha ya mali pamoja na vibovu, mikataba ya magari na maghala, kesi na migogoro isiyokwisha, hoja za ukaguzi ambazo hazijajibiwa, na ahadi ulizotoa kwa mdomo ambazo haziko kwenye muhtasari wowote. Hizi za mwisho ndizo zinazosahaulika, na ndizo zitakazomgombanisha mwenzako na watu. Uliahidi tawi fulani turubai? Andika. Ulimwahidi mlinzi nyongeza? Andika.

Baada ya hapo usiitwe "mwenyekiti mstaafu" kwenye kila shughuli, wala usikubali kiti cha mbele kwenye mkutano mkuu wa kwanza wa mwenzako. Wanachama watakuja kwako kulalamika, maana wamezoea mlango wako. Msikilize mtu mpaka mwisho, kisha umuulize kama ameshamwambia mwenyekiti. Mwenyekiti mpya naye akikupigia simu, jibu alichouliza, hicho tu, kisha ukate simu aendelee na kazi.